Lori la Kwanza Baada ya Zamu

Bi Tausi alikuwa amekaa kwenye benchi la nje ya kituo cha polisi Njombe, kanga juu ya sweta, na juu ya kanga koti la kiume lililomzidi mabega. Ukungu ulikuwa haujanyanyuka. Mwanawe mdogo, Hassani, alisimama pembeni yake ameshika hotpoti kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto alikuwa ameuzungushia kitambaa.

Inspekta Kefa Mtewele alipanda ngazi akifuta miwani kwa ncha ya shati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeuona mstari wa Halfan kwenye kompyuta?"

"Bado."

"Alipita pale getini Makambako. Halfan hasemi uongo wa gari. Wa wanawake anasema sana, wa gari hasemi."

"Mama, mwache afande afanye kazi yake," Hassani alisema. "Kompyuta ikishakataa imekataa."

Kefa alivaa miwani, akautazama ule mkono.

"Umefanya nini hapo?"

"Jeki iliteleza, afande. Nilikuwa natengeneza gari."

"Lile bovu la gia?"

"Hilo hilo."

"Pole."

Aliingia ndani. Nyuma yake alimsikia mama akisema chakula kinapoa, waulizwe kama wanaruhusu kukiingiza sasa hivi.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Mzee Yoramu, mlinzi wa yadi ya mbao Yakobi, alikutwa kifudifudi kwenye maranda, fuvu limebonyea. Nyundo ya chapa, ile inayogongewa alama kwenye mbao kabla hazijaruhusiwa kutoka, haikuonekana yadini. Daktari alisema kidonda kilikuwa na umbo la kichwa cha nyundo hiyo. Alama zake zilisomeka kwenye mfupa. Oktavia, muuguzi wa misheni, alipita hapo alfajiri kengele ya kwanza ya misa ikilia, akamwona mzee anaota moto, wakasalimiana. Jua lilipochomoza wapasua mbao waliingia kazini wakamkuta amekufa. Aliuawa kati ya kengele na jua.

Jioni ya kuamkia siku hiyo, Halfan, mwana mkubwa wa Bi Tausi na dereva wa lori wa Makambako, alitukanana na mzee mbele ya watu. Mzee alikataa kumgongea chapa mbao ambazo hazikuwa na kibali. Halfan alizishusha, akaondoka na zilizobaki, akapita geti la Njombe usiku. Mpaka hapo karatasi ya kompyuta ilikubaliana naye. Alisema alfajiri ile alikuwa geti la Makambako, mbali kabisa na Yakobi, na kwamba alipita hapo zamu ya asubuhi ilipoanza. Karatasi ilisema hakuna lori lake lililopita Makambako. Si asubuhi, si mchana, si siku iliyofuata.

Mkuu wa kituo aliimaliza kesi kwa sentensi moja. Mtu huyu alitoka mjini, akaliacha gari njiani, akarudi kumuua mzee, kisha akazunguka kwa barabara ya vumbi ya Igwachanya ili asionekane geti la Makambako. Jumatatu faili lingekwenda Iringa kwa mwanasheria wa serikali. Shitaka lilikuwa la kuua kwa kukusudia, na adhabu yake kila mtu anaijua.

Kefa hakulipenda jambo moja tu. Alimtoa Halfan mahabusu, akamkalisha kwenye kiti cha mbao.

"Siku ya kwanza uliandikisha kwamba ulipita Makambako asubuhi, zamu ilipobadilika."

"Ndiyo."

"Siku ya pili ukasema hukumbuki."

Halfan alitazama mikono yake. Alikuwa mtu mnene wa shingo, ndevu zimeanza kuota ovyo.

"Sikumbuki, afande."

"Mtu anakumbuka Jumatano, anasahau Alhamisi. Katikati ulipigwa?"

"Hapana. Hapa sijapigwa."

"Nani alikuja kukuona siku ile?"

"Mama na mdogo wangu. Wameleta chakula, kama kila siku."

"Mlizungumza nini?"

"Habari za nyumbani."

"Sikiliza, Halfan. Kuna mstari mmoja wa kompyuta unaoweza kukutoa hapa. Mama yako anaulalia kwenye benchi kwa baridi hii. Mimi nautafuta. Wewe peke yako ndiye huutaki. Kwa nini?"

"Afande, uache huo mstari."

"Unajua wanakupeleka wapi?"

"Najua. Uache."

Kefa aliwahi kuona watu wenye hatia wakilia, wakiapa, wakizimia. Hakuwahi kuona mtu anayekimbia ushahidi wa kumwokoa. Alimrudisha ndani, akaenda ofisi ya kampuni ya mageti ya ushuru wa barabara.

Kampuni hiyo ilikuwa imepewa mageti na serikali miaka ile ambayo kila kitu cha serikali kilikuwa kinakodishwa. Ilifuta daftari za zamani na kuweka kompyuta kuukuu kila geti. Karani wa zamu aliandika kila lori lililopita na mzigo: namba ya gari, dereva, mzigo, tarehe, saa, na mwishoni jina la geti. Kila zamu ilikuwa na faili lake. Disketi zililetwa Njombe, na hapo Salha aliziunganisha kuwa faili moja kubwa la mwezi. Kutokana na faili hilo, kila mwenye lori alipelekewa bili.

Salha alikuwa mwanamke wa Songea, mrefu, asiyependa kusimamiwa nyuma ya kiti. Alimwonyesha Kefa mahali pa kukaa. Kefa hakukaa.

"Afande, kama unanishuku sema. Usinizunguke kama fundi redio anayetafuta waya."

"Nakushuku."

"Haya. Unanishuku nini?"

"Kuna mtu amekupa kitu ukafuta mstari wa Halfan. Au Halfan alikupa kitu kabla, ili safari zake zisilipiwe, na sasa unaogopa kusema."

"Mimi sifuti. Mimi naunganisha." Aligeuza kioo cha mashine kimwelekee. Kilikuwa cheusi, maandishi meupe. "Hii ni skripti yangu. Amri zimepangwa moja chini ya nyingine. Inachukua disketi ya kwanza, inachukua ya pili, inaigandisha nyuma yake, inaendelea mpaka mwisho. Kisha inahesabu. Mistari ya kila disketi ikijumlishwa lazima ilingane na ya faili kubwa. Mwezi ule ililingana. Ukifuta mmoja hailingani."

"Disketi ya zamu ile iko wapi?"

"Imerudi getini, wameandika juu yake. Disketi ni chache. Omba kampuni ininunulie nyingine, labda wewe watakusikia."

Kefa hakucheka. "Ulimtafuta vipi?"

"Kwa namba ya gari lake. Mwanzo wa mstari, ndiko namba ya gari inakokaa. Hayupo."

"Hakuna ugonjwa wowote kwenye mafaili haya?"

Salha alisita. Kefa aliona.

"Upo," alisema. "Mashine za mageti ni za kizamani. Zinafunga kila mstari kwa alama mbili zisizoonekana. Hii ya kwangu inajua alama moja tu. Ya pili inabaki imening'inia mwishoni. Mara nyingine printa ikiikuta inarudi mwanzo na kuandika maneno juu ya maneno."

"Kwa hiyo mstari unaweza kufunikwa na mwingine."

"Kwenye karatasi, inawezekana."

"Ondoa alama hizo zote."

Salha aliandika amri moja. Mashine ilifikiri, ikamaliza. Alichapa upya siku ile nzima, na Kefa akapitisha kidole juu ya kila namba ya gari akitafuta TZJ 4417 ya Halfan. Karatasi ilitoka safi kuliko mara ya kwanza. Halfan hakuwemo.

"Umeridhika?" Salha aliuliza.

"Hapana."

"Na mimi bado unanishuku?"

"Nikirudi kutoka Makambako nitakuambia."

Alifika geti la Makambako alfajiri ya siku iliyofuata kwa Landrova ya kituo. Upepo wa Makambako haupumziki. Ulikuwa unasukuma vumbi na mifuko ya plastiki chini ya malori yaliyopangana nyuma ya kizuizi. Upande wa reli treni ilipiga honi. Mama mmoja, Anifa, alikuwa anauza chai ya tangawizi na maandazi chini ya turubai, na madereva waliomzunguka walikuwa wa kila mkoa.

Kefa alinunua chai akasimama. Hakuvaa sare. Alitaka kuona zamu inavyobadilika kabla hajauliza neno.

Kuelekea saa kumi na mbili kizuizi kilishushwa. Madereva wakapanda kwenye magari yao kama watu waliosikia king'ora. Injini ziliwaka zote kwa pamoja. Lori moja lilitoka mstarini likajaribu kuingia mbele, la mbele yake likasogea kulizuia, bampa kwa bampa, na madereva wawili wakashuka.

"Rudi nyuma! Jana umepiga kichwa wewe, leo kichwa changu!"

"Kichwa chako kina chawa! Nimelala hapa tangu jana!"

"Umelala kwa nani? Kwa Anifa?"

"Mniache mimi!" Anifa alipiga kelele kutoka kwenye jiko lake. "Nyie hata nauli ya kulala kwangu hamna!"

Watu walicheka. Mmoja alimshika mwenzake ukosi, wengine wakaamua. Kefa alimsogelea Anifa, akarudisha kikombe.

"Kupiga kichwa ndiyo nini?"

Anifa alimtazama viatu. "Wewe ni askari."

"Ndiyo."

"Viatu vimekutaja. Kupiga kichwa ni kuwa lori la kwanza baada ya zamu kubadilika. Lori la kwanza halilipiwi. Bili ya mwisho wa mwezi ikija, safari hiyo haimo. Hapa hata mbuzi wanajua."

"Kampuni inajua?"

"Nani akaiambie?"

"Tangu lini?"

"Tangu walete hiyo televisheni ya kuandikia."

"Halfan unamfahamu? Mwenye Isuzu."

Tabasamu lilimfifia. "Yule mliyemfunga. Namfahamu. Kalala hapa kwenye kebini yake mara nyingi kulinda kichwa. Asubuhi ile ya yule mzee wenu nadhani alikuwepo. Lakini usiniapize, siku zangu zinafanana. Kila siku chai, kila siku vumbi."

"Mbona hukuja kusema?"

"Wenzako walikuja hapa. Waliiuliza kompyuta, mimi hawakuniuliza."

Kefa alivuka barabara akaingia kwenye kibanda cha geti. Karani wa usiku, Timoth, alikuwa anaandika lori lake la mwisho kwa vidole viwili, koti limefungwa mpaka shingoni. Karani wa asubuhi alisimama nyuma yake anasubiri kiti. Kefa alionyesha kitambulisho.

"Endeleeni kama sipo."

Timoth alimaliza neno la mwisho, MAKAMBAKO. Akaondoa mikono kwenye kibodi. Akahifadhi faili, akatoa disketi, akasimama.

"Ngoja," Kefa alisema. "Mstari wa juu ya huo, ulipomaliza ulibonyeza nini?"

"Enta, afande. Ndiyo inakushusha mstari mpya."

"Na huu wa mwisho hukubonyeza."

"Huu sifungi mimi."

"Kwa nini?"

Timoth alionekana kushangaa kuulizwa. "Anayetoka hafungi. Anafunga anayepokea. Wakati wa daftari ndivyo ilivyokuwa. Mimi naacha mstari wangu wa mwisho wazi, mwenzangu anakuja, anatoka nje kuangalia malori yaliyosimama, akiridhika ndipo anapiga mstari mwekundu chini ya jina langu. Nikifunga mwenyewe ni kama najikagua mwenyewe. Watu walifukuzwa kazi kwa jambo hilo. Njombe pia wanafanya hivyo, bwana mmoja ndiye aliyetufundisha sote."

Kefa alimgeukia wa asubuhi. "Na wewe unaufunga huo mstari?"

"Mimi nafungua faili jipya, afande. Dada Salha alisema kila zamu faili lake."

"Kwa hiyo nani anaufunga?"

Makarani wawili walitazamana. Nje lori lililoshinda lilikuwa linapiga honi lipitishwe.

"Timoth, asubuhi ile wewe ndiye uliyekuwa unapokea zamu. Lori la kwanza lilikuwa la nani?"

"Malori ni mengi, afande."

"La Halfan?"

"Kompyuta imesema hakupita." Timoth alishusha sauti. "Nina watoto. Kampuni ikisema kompyuta imekosea mimi ndiye wa kwanza kutoka. Sikumbuki, afande. Niandike hivyo."

Kefa alimwandika hivyo.

Salha alikuwa anakula mkate mkavu na chai ya rangi Kefa alipoingia. Alipomwona uso aliuweka mkate chini.

"Hesabu yako," Kefa alisema. "Inahesabu magari, au inahesabu nini?"

"Mistari."

"Mashine inajuaje kwamba mstari umekwisha?"

"Inaona alama ya kufunga."

"Usipofungwa?"

"Haiu..." Salha aligeukia kioo. Kisha alisema polepole, "Haiuhesabu."

"Makarani hawafungi mstari wa mwisho wa zamu. Wote, mageti yote mawili. Ni adabu yao ya daftari. Mstari wa mwisho wa zamu ya usiku ukiwa wazi, na wewe ukagandisha nyuma yake faili la zamu ya asubuhi, lori la kwanza la asubuhi linaanzia wapi?"

"Hapo hapo. Kwenye mkia wa lile la usiku." Salha alikuwa ameshavuta kibodi. "Inakuwa mstari mmoja. Kwenye disketi wa mwisho haukuhesabiwa, kwenye faili kubwa miwili imehesabiwa mmoja. Jumla inalingana. Kila mwezi inalingana. Na programu ya bili inasoma safu za mwanzo tu, ikifika jina la geti inaacha."

"Ulimtafuta mwanzo wa mstari."

"Nilimtafuta mwanzo wa mstari," Salha alirudia, akatukana kwa Kingoni.

"Mtafute popote."

Aliandika. Mashine ilitoa mstari mmoja, mrefu kuliko upana wa kioo, ukajikunja chini. Katikati yake maneno mawili yalikuwa yameshikana bila nafasi: MAKAMBAKOTZJ 4417. Baada yake jina la Halfan, mbao, tarehe ya kifo cha mzee, saa ya zamu kuanza, na jina la geti tena.

Salha aliegemea kiti. "Yupo. Alikuwepo muda wote. Yule mama wa benchi..."

"Usisimame. Yatenganishe malori yote yaliyoshikana hivi."

"Yote ya nini? Wako huyu hapa."

"Yote, Salha."

Aliandika amri nyingine, akaisoma kwa sauti kama anajisahihisha: kila mstari uishie kwenye jina la geti, chochote kinachofuata jina la geti kiwekwe mstari wake. Aliijaribu kwanza kwenye nakala. Mara ya kwanza ilikata mpaka mistari isiyohusika, kwa sababu baadhi ya makarani waliandika Makambako pia kwenye nafasi ya mzigo, wakimaanisha unakoelekea. Aliirekebisha ihesabu safu kabla ya kukata. Mara ya pili ilikubali. Kisha, bila kuambiwa, aliongeza kwenye skripti yake amri ya kukagua herufi ya mwisho ya kila disketi kabla ya kuigandisha, na kuufunga mstari kama karani hakuufunga.

"Isitokee tena," alisema. "Bado unanishuku?"

"Hapana. Nichapie asubuhi ile. Mageti yote mawili, malori ya kwanza tu."

Printa ililia. Salha alichana karatasi akasoma.

"Makambako, Halfan. Huyo tumemwona." Kidole kilishuka. "Njombe, asubuhi hiyo hiyo, kwanza baada ya zamu. TZK 3082. Mbao. Dereva Hassani." Aliinua macho. "Huyu ni nani?"

Kefa alichukua karatasi. Katika mfuko wa koti alikuwa na maelezo ambayo Hassani aliyaandikisha na kuyatia dole gumba. Alisema siku ile hakutoka Makambako. Gari lake lilikuwa juu ya mawe nyumbani, gia mbovu. Namba ya gari hilo ilikuwa imeandikwa hapo kwa kalamu ya koplo. TZK 3082.

"Halikuonekana Makambako baadaye?"

Salha alitafuta. Popote, safari hii. "Halikuonekana. Limetoka Njombe halikufika Makambako."

"Limezunguka Igwachanya," Kefa alisema.

Mkuu wa kituo alikuwa amekisia sawasawa, njia, saa na sababu. Alikosea ndugu. Halfan alizishusha mbao zisizo na chapa jioni, mdogo wake akaja kuzichukua alfajiri, na mzee hakulala kama walivyotarajia. Kisha Hassani akafika geti la Njombe, akasimama nyuma ya kizuizi na mkono uliopondeka, akasubiri zamu ibadilike ili awe wa kwanza. Alijua lori la kwanza haliachi alama popote.

Na siku ya pili alimletea kaka yake chakula, akamweleza: mstari wa mmoja ukipatikana, wa mwingine nao utapatikana.

Bi Tausi alikuwa kwenye benchi lile lile. Ukungu ulikuwa umeondoka, jua la Njombe lisilo na joto lilikuwa limempiga usoni. Hassani alikuwa amechuchumaa kando na hotpoti ya siku hiyo. Kefa alisimama ngazi ya chini. Koplo Nikodemo alitoka ndani akasimama ngazi ya juu, kama alivyoelekezwa kwa simu.

"Umeuona mstari wa mwanangu?" mama aliuliza.

"Nimeuona, mama. Halfan alipita Makambako, kama alivyosema."

Bi Tausi alinyanyua mikono miwili. Kisha alisema alhamdulillahi, akarudia, akamshika Kefa mkono wenye karatasi akaubusu. Kefa hakupata nafasi ya kuuondoa.

"Si niliwaambia? Hassani, si nilisema? Simama umshukuru afande."

Hassani alisimama. Alitazama karatasi, si uso wa Kefa.

"Ni huo tu uliouona, afande?"

"Hapana."

Mama aliutoa mkono wake taratibu. Aliangalia mmoja, akaangalia mwingine.

"Nyundo iko wapi, Hassani?" Kefa aliuliza.

"Nyundo gani?" mama alisema. "Anakuuliza nyundo gani? Huyu gari lake bovu, afande. Lilikuwa bovu siku zote hizo. Hassani, mwambie."

Nikodemo alishuka ngazi. Hassani alinyoosha mikono mwenyewe, na pingu ilipopita juu ya kitambaa alikunja uso.

"Mtoni," alisema. "Daraja la njia ya Igwachanya. Mama, yule mzee alinishika mkono kwenye bodi la gari, akaubana kwa mlango wake. Hakutaka kuniachia."

Walimwingiza kwa mlango wa mbele. Kwa mlango huo huo, baada ya karatasi kusainiwa, alitoka Halfan, viatu havina kamba, suruali ameishika kwa mkono kwa sababu mkanda ulikuwa haujapatikana. Walipishana kwenye korido. Halfan alipofika nje alisimama mbele ya Kefa.

"Nilikuambia uuache," alisema.

Kisha alikwenda kukaa kwenye benchi, mbali kidogo na mama yake, akafunika uso.

Bi Tausi hakulia. Aliinama, akaiokota hotpoti pale Hassani alipoiacha, akaifuta vumbi kwa ncha ya kanga. Halfan alinyoosha mkono kuipokea. Mama alimpita, akapanda ngazi mpaka kaunta, akaiweka mbele ya koplo.

"Ni ya aliye ndani," alisema. "Kabla haijapoa."